Mionzi ya antena: anayepaswa kujihadhari ni anayepanda juu ya paa

Hapa Dar es Salaam hofu ya mionzi ya antena imekaa pasipo pake. Mkazi wa Tabata au Mbagala aliyesimikiwa mnara wa simu nyuma ya ukuta wake anakosa usingizi, anapeleka malalamiko serikali ya mtaa, anafikiria kuhama. Wakati huohuo fundi bomba aliyeitwa Kariakoo kurekebisha tenki la maji juu ya ghorofa anaweka begi lake mbele ya antena inayofanya kazi, anaketi kwenye kivuli chake, anakula chakula cha mchana hapohapo, na hakuna aliyemwambia lolote. Wa kwanza yuko salama kwa viwango vinavyotumika duniani leo. Wa pili yumo ndani ya eneo ambalo hata mhandisi wa mtandao hatakiwi kukaa kabla nguvu ya mtambo haijapunguzwa.

Mambo matatu yanawatofautisha watu hawa wawili: antena inatoa nguvu kiasi gani, imeelekea wapi, na mtu yuko umbali gani nayo. Ukiyashika hayo utajua lini utulie na lini ushuke haraka.

Ni mionzi ya aina gani

Mionzi ni nishati inayosafiri kutoka kwenye chanzo chake. Mwanga wa jua ni mionzi, na eksirei ni mionzi, ila haziko kundi moja. Kundi la kwanza ni mionzi ayonisha, kama eksirei na miale ya gama. Hii inaweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na kwa njia hiyo kuharibu vinasaba ndani ya seli. Kundi la pili ni mionzi isiyoayonisha, ambayo haina uwezo huo. Mawimbi yote ya redio yamo humu: ya simu, ya FM, ya televisheni, ya Wi-Fi na ya rada.

Pengo kati ya makundi haya ni kubwa mno. Wimbi la simu la megahezi 900 husafirisha nishati kwa chembe ndogo ndogo ziitwazo fotoni, na kila fotoni yake ni dhaifu zaidi ya mara milioni mbili kuliko ile inayohitajika kung'oa elektroni. Ukiongeza wati unaongeza idadi ya fotoni tu, nguvu ya kila moja inabaki ileile. Ndiyo maana mawimbi ya redio hayaachi mabaki. Hayajikusanyi kwenye nguo, kwenye udongo wala kwenye maji ya tenki lililo karibu na antena. Mtambo ukizimwa, mionzi yake imekwisha sekunde hiyohiyo.

Istilahi tatu zitajirudia hapa chini. Masafa ni idadi ya mapigo ya wimbi kwa sekunde, na megahezi moja ni mapigo milioni moja. Wati ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye mtambo. Wati kwa mita ya mraba ni kiasi cha nguvu hiyo kinachopita pale ulipo wewe, na hiki ndicho kipimo kinachoamua usalama wako. Mtu akikwambia mnara una "wati nyingi" bila kusema uko umbali gani na upande gani, bado hajakwambia kitu.

Madhara yenyewe

Mawimbi ya redio yakiingia mwilini kwa wingi, yanapasha joto. Hilo ndilo dhara lililothibitishwa, na viwango vya usalama vimejengwa juu yake. Mwili mzima ukinyonya takriban wati 4 kwa kila kilo ya uzito kwa nusu saa au zaidi, joto la ndani hupanda kiasi cha nyuzi 1. Tume ya kimataifa inayoshughulikia mionzi isiyoayonisha, ICNIRP, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 ilichukua kiwango hicho, ikakigawa kwa 10 kupata kikomo cha wafanyakazi, wati 0.4 kwa kilo, kisha ikakigawa kwa 50 kupata kikomo cha raia wa kawaida, wati 0.08 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 kikomo hicho cha raia ni chini ya wati 5 kwa mwili mzima, ilhali mwili wa mtu aliyetulia wenyewe hutoa joto la kama wati 100.

Sehemu zenye damu chache ya kuzipoza, hasa lenzi ya jicho, na zile zisizovumilia joto, kama korodani, huathirika mapema. Hapa Dar kuna jambo jingine la kukumbuka. Kuanzia Desemba hadi Machi, unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, na fundi aliyepanda mnara saa saba mchana akiwa na mkanda, kofia ngumu na mzigo wa kebo tayari mwili wake unahangaika kujipoza. Joto la mawimbi linapoongezeka juu ya hilo, linamkuta hana akiba. Kazi ya karibu na antena ni ya asubuhi.

Usitegemee ngozi ikuonye. Mawimbi ya masafa ya juu hupasha ngozi na unaweza kuyahisi, lakini ya FM hupenya ndani zaidi, chini ya mishipa ya fahamu inayohisi joto. Mtu anaweza kuvuka kikomo bila kusikia chochote.

Dhara la pili huja kwa kugusa. Chuma kilicho ndani ya mawimbi makali hubeba umeme wa masafa ya redio, na ukikigusa unaungua papo hapo kwenye ncha ya kidole. Vikomo vya joto huhesabiwa kwa wastani wa dakika, 30 kwa mwili mzima na 6 kwa sehemu ya mwili, kwa hiyo kupita haraka mahali palipozidi kidogo si janga. Kuungua kwa kugusa hakusubiri wastani wowote.

Antena inaelekea wapi

Antena ya simu, lile boksi refu jembamba lililosimama wima kwenye mnara, hufanya kazi kama tochi. Mwanga wa tochi ni mkali mbele ya kioo, hafifu pembeni, na nyuma karibu hakuna kitu. Antena nayo hukusanya nguvu zake na kuzisukuma mbele katika mkanda mpana kushoto na kulia lakini mwembamba sana kwenda juu na chini, mara nyingi chini ya nyuzi 10, ukiwa umeinamishwa kidogo tu kuelekea ardhini. Kwa hiyo mkanda huo hugusa ardhi mbali, mita mia kadhaa kutoka kwenye mnara. Aliye mguuni mwa mnara yuko nje yake. Anapata masalio ya pembeni, tena akiwa mita 30 au 40 chini.

Vivyo hivyo kwa anayeishi ghorofa la juu kabisa, chini ya antena zilizofungwa kwenye paa. Antena hizo zinatazama nje, juu ya mtaa, na kati yake na chumba chake kuna zege lenye nondo ambalo hupunguza mawimbi kwa kiasi kikubwa. Akitaka kujua hatari iko wapi kwenye jengo lake, ni pale juu ya paa anakoanika nguo, mbele ya lile boksi.

Si kila antena ina mbele na nyuma. Antena za FM hutoa mawimbi pande zote kuzunguka nguzo, na hazina upande salama. Dishi kubwa jeupe la duara lililofungwa mnarani huunganisha mnara na mnara. Nguvu yake kwa kawaida ni ndogo, haifiki wati moja au inazidi kidogo, lakini imekusanywa kwenye mkondo mwembamba, kwa hiyo usisimame mbele yake. Dishi la setilaiti la kurusha, lile la benki au la kituo cha televisheni lenye mtambo kwenye mkono wake wa mbele, ni la kuheshimiwa zaidi: usipite kati ya mkono huo na dishi. Na dishi la Azam au DStv lililo juu ya bati lako halirushi kitu. Linapokea tu. Unaweza kulikumbatia.

Umbali kwa mita

Kuna hesabu moja ambayo kila anayefanya kazi juu ya paa angefaa kuijua, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Chukua wati zinazoingia kwenye antena, zidisha kwa ukuzaji wa antena, yaani mara ngapi inakusanya nguvu kuelekea mbele. Gawa kwa 12.57, kisha gawa kwa kikomo cha masafa hayo. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu (alama ya √ kwenye kikokotoo). Unachopata ni mita za kukaa mbali, mbele ya antena.

Vikomo vya raia kwa mujibu wa ICNIRP ni hivi: masafa ya megahezi 30 hadi 400, wati 2 kwa mita ya mraba. Kuanzia 400 hadi 2000, gawa megahezi kwa 200, hivyo 900 inapata wati 4.5 na 1800 inapata wati 9. Juu ya 2000 ni wati 10. Kwa wafanyakazi waliofundishwa, zidisha kila kimoja kwa 5.

Tuchukue antena ya simu ya megahezi 900 inayopewa wati 40 na kukuza mara 50. Mbele yake ni kama kuna wati 2,000. Hesabu inatoa mita 6 kwa raia na karibu mita 2.7 kwa mfanyakazi. Sasa mpeleke jirani yetu mita 100 mbele kabisa ya antena hiyo, kwenye mkondo wake, bila ukuta: anapata wati 0.016 kwa mita ya mraba, sehemu moja ya 280 ya kikomo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo, na hapo ndipo usalama wa walio wengi unapotoka.

5G ina namba zinazotisha zikisomwa vibaya. Antena ya megahezi 3500 yenye wati 200 na ukuzaji wa mara 250 inatoa sawa na wati 50,000 kwenye mkondo mmoja, na hesabu inasema mita 20. Lakini antena hiyo haitupi nguvu zake zote upande mmoja muda wote. Inarusha mikondo myembamba inayomfuata kila mtumiaji na kuhama mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo wahandisi huchukua takriban robo ya nguvu kama wastani halisi, na umbali unashuka hadi mita 10. Fundi asiye na taarifa za mtambo achukue 20.

FM ndiyo inayohitaji nidhamu kubwa, na inasikitisha kwamba ndiyo isiyozungumzwa. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na nusu yake, mita 1.5, inakaribia urefu wa mtu. Mwili uliosimama hunasa mawimbi hayo vizuri kuliko mengine, na ndiyo sababu kikomo cha masafa haya ni kikali kuliko vya simu. Kituo chenye mtambo wa kilowati 5 na ukuzaji wa mara 4 kinahitaji mita 28 kwa raia na karibu 13 kwa mfanyakazi. Redio ndogo ya jamii ya wati 100 yenye antena moja ya kawaida inahitaji kama mita 2.5, na hapo ndipo makosa hutokea: antena hufungwa kwenye bomba fupi juu ya studio, dirisha la ofisi ya jirani likiwa usawa uleule.

Hesabu hii huvunjika ukiwa karibu sana na antena, hasa ndani ya umbali wa wimbi moja. Hapo mawimbi bado hayajatulia na kipimo kinaweza kuruka ndani ya hatua moja. Kwa FM maana yake ni kwamba mtu aliyening'inia kati ya antena zake hana hesabu ya kumsaidia. Ni kuzima.

Vifaa vidogo tusivikawilie. Ruta ya Wi-Fi ya nyumbani hutoa wati 0.1. Antena ya Wi-Fi ya nje inatosha kuiacha urefu wa mkono. Redio ya gari la ulinzi ya wati 50 inahitaji chini ya mita 2, na kubwa zaidi ni kutogusa antena yake mtu anapobonyeza kuongea.

Dirisha linalotazamana na antena

Kuna kundi moja la wakazi wa jiji ambao swali lao ni la haki kabisa. Kariakoo na Upanga majengo yamepanda haraka. Antena iliyofungwa miaka kumi iliyopita ikitazama anga tupu leo inatazama dirisha la ghorofa jipya ng'ambo ya barabara, mita 20, usawa uleule.

Mahali pa hivyo nguvu za masafa mbalimbali hujumlishwa. Unachukua kila moja, unaigawa kwa kikomo chake, halafu unajumlisha sehemu zote, na jumla isifike 1. Tuseme antena ina 900, 1800 na 2100, kila moja wati 2,000 kuelekea mbele. Kwa mita 20 kila moja inaleta wati 0.4 kwa mita ya mraba. Ya kwanza ni 0.09 ya kikomo, ya pili 0.04, ya tatu 0.04. Jumla 0.17. Ongeza ile 5G kwa nguvu yake ya wastani, inakuja 0.25, na jumla inafika 0.42. Bado ni salama, na hapo tumemweka mtu nje ya ukuta, mitambo ikiwa imejaa. Lakini mitandao miwili ikishirikiana paa hilohilo, jumla inakaribia 1, na hapo haitoshi kusema "minara yote ni salama". Panahitaji kupimwa.

Mwenye dirisha la namna hiyo aombe kipimo kwa maandishi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayotoa leseni za masafa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ina dhamana ya kinga dhidi ya mionzi na hupima minara. Ripoti nzuri inasema kipimo kilichukuliwa wapi hasa, saa ngapi, kwa masafa gani, na jumla ni asilimia ngapi ya kikomo. Omba kipimwe pale unapokaa au kulala, jioni watu wanapotumia simu kwa wingi. Ripoti iliyopimwa getini saa nne asubuhi haijibu swali la chumba cha ghorofa la nane.

Yanayosemwa mitaani

"Mnara unaleta saratani." Mei 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi 2B, la vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Dondoo ya jani zima la mshubiri nayo imo kundi hilo. Ushahidi uliotazamwa kwa makini ulihusu watu wanaoweka simu sikioni kwa muda mrefu. Kwa minara ushahidi ulionekana hautoshi kutoa hitimisho. Anayenukuu 2011 kuupinga mnara, wakati simu iko sikioni mwake saa nzima, amelishika jambo upande usio wake.

"Mnara ukiwa mbali ndiyo afadhali." Simu yako hupanga nguvu yake kwa kusikiliza mnara. Mnara ukiwa karibu na mawimbi yakiwa mazuri, simu hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, au ukiwa ndani ya lifti au chumba cha chini, simu hupandisha nguvu hadi kikomo chake, ikiwa imebanwa kwenye shavu lako. Kwa mtu wa kawaida sehemu kubwa ya mawimbi anayopata hutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kibandiko kinachouzwa kuwa "kinazuia mionzi ya simu" kikiweza kweli kuzuia, kitailazimisha simu kuongeza nguvu.

"Mnara unanguruma, mionzi imezidi." Mawimbi ya redio hayana sauti. Kinachonguruma ni jenereta na feni za kupozea mitambo. Kero ya kelele na moshi wa dizeli ni ya kweli, na ipelekwe kama kero ya kelele na moshi, kwa serikali ya mtaa na NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira. Ikipelekwa kama mionzi, mpimaji atakuja na kifaa cha mionzi, ataandika kwamba hakuna tatizo, na jenereta itaendelea kunguruma. Taa nyekundu kileleni nayo ni ya kuonya ndege.

"5G ilileta korona." Virusi husafiri kwa matone na hewa ya mtu anayepumua. Wimbi la redio haliwezi kukibeba wala kukitengeneza kirusi, na ugonjwa ulienea nchi ambazo hazikuwa na mnara hata mmoja wa 5G.

Kabla ya kupanda

Haya yanamhusu fundi wa minara, lakini zaidi yanamhusu yule asiye wa minara: fundi bomba, mpaka rangi, fundi wa kiyoyozi, mfungaji wa sola, na msimamizi wa jengo anayewapa ufunguo wa paa.

Hesabu kila antena kuwa iko hai. Haina taa, haina sauti, haina joto la kugusa linalokuonya. Tafuta kibao cha onyo, pembetatu ya njano yenye alama ya antena, na namba ya eneo pamoja na simu ya mwenye mitambo, mara nyingi mlangoni au kwenye uzio. Piga simu hiyo siku kadhaa kabla ya kazi. Sema utakuwa wapi, kwa muda gani, na uulize umbali wa kukaa mbele ya kila antena kwa mita. Mwenye mitambo anaujua. Umbali huo ulipigiwa hesabu kabla antena haijafungwa.

Kama kazi haiwezi kufanyika nje ya umbali huo, nguvu ipunguzwe au izimwe, na hapa ndipo penye mtego unaoumiza watu. Mtambo wa simu unaweza kuwashwa tena kwa mbali na mtu aliye kwenye chumba cha uangalizi, asiyejua kuwa uko juu. Mtambo wa redio wenyewe hujiwasha umeme wa TANESCO ukirudi au jenereta ikishika. Kuzima kwa maneno, kwa ujumbe wa simu, kwa "tumeshazima kaka, panda tu", hakutoshi. Breka ifungwe kwa kufuli, iwekewe lebo yenye jina na namba ya aliye juu, na ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka atakaposhuka. Kama kuna mtambo wa akiba unaochukua nafasi ya ule uliozimwa, nao ufungwe. Hili la mtambo wa akiba husahaulika sana kwenye vituo vya redio, na kusahaulika kwake ni kwa hatari.

Ukiwa juu, pita nyuma ya antena za simu, kamwe usipite mbele. Nyuma nguvu hushuka hadi sehemu moja ya mia kadhaa ya ile ya mbele. Usitundike begi, nguo wala ngazi kwenye uso wa antena. Usisimame mbele yake kupiga simu kwa kuwa "mtandao uko vizuri hapa". Angalia pia antena za jengo la pili. Yako inaweza kuwa imezimwa huku ya ng'ambo inakutazama usoni.

Kipima mionzi cha kuvaa kifuani ni msaada mkubwa kikitumiwa ipasavyo. Soma kwanza kinafanya kazi kwenye masafa gani, maana kilichotengenezwa kwa simu kinaweza kunyamaza kabisa mbele ya FM. Kivae nje ya nguo. Mwili wako hukikinga, kwa hiyo ukigeuka mgongo kuelekea antena kitasoma kidogo kuliko ukweli. Jigeuze polepole kabla ya kuanza kazi sehemu mpya. Vingi hulia kwenye nusu ya kikomo, na kikilia unarudi ulikotoka, kwa njia ileile uliyojia. Kipima hakikupi ruhusa ya kukaa. Kinakuhimiza uondoke.

Usifungue kiungio cha kebo wakati mtambo unafanya kazi, na usichungulie ndani ya bomba la mawimbi, lile la chuma linalopeleka mawimbi kwenye antena, likiwa wazi. Kebo iliyochubuka au kiungio kilicholegea huvujisha mawimbi mahali ambapo hakuna aliyepatarajia, tena chini, karibu na chumba cha mitambo. Mnara wa mawimbi ya kati, yale ya AM, ni jambo jingine kabisa: mnara wenyewe wote ni antena, umesimama juu ya kihami cha kauri kinachozuia umeme kwenda ardhini, na kuugusa ukiwa umesimama ardhini ni kuungua vibaya. Uzio wake usivukwe na mtu, mbuzi wala mpira wa watoto.

Waliopandikizwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo wasipande kwenye paa lenye antena kabla daktari na mwenye mitambo hawajakubaliana, kwa sababu vikomo tulivyovitaja havikuwekwa kwa kuzingatia vifaa hivyo. Fundi mjamzito atumie vikomo vya raia, hata kama amefundishwa.

Na mkanda wa usalama. Minarani anguko huua kuliko mionzi, na mtu aliyeshtuliwa na chuma kilichobeba mawimbi anaweza kuachia mikono kabla hajajua kilichomgusa. Awe amefungwa kwa kamba mbili, moja ikihamishwa nyingine ikiwa imeshika.

Mtu akipigwa na mawimbi

Dalili za kuzidiwa ni joto la ghafla, jasho, kichwa kuuma, kichefuchefu, na macho kuwasha au kuona ukungu. Mwondoe kwanza mbele ya antena, hata hatua tano za kurudi nyuma yake zinabadilisha hali. Lakini kama yuko ndani ya eneo la FM, zima mtambo kabla hujamfuata, la sivyo mtakuwa wawili. Mpeleke kivulini, mpe maji, mpoze.

Kama ameungua kidole au kiganja, mimina maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya mswaki, mafuta wala unga. Alama ya juu inaweza kuwa ndogo, nukta nyeupe tu, na nyama ya ndani ikawa imepikwa zaidi ya inavyoonekana, kwa hiyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama anasema haumii. Aliyekuwa uso kwa uso na antena apimwe macho pia.

Daktari ataulizia mambo ambayo baada ya siku mbili hakuna atakayeyakumbuka, hivyo yaandikwe pale pale: saa, masafa ya antena na wati zake, alikuwa umbali gani, mbele au nyuma, dakika ngapi, kipima kilisoma nini, na kama breka ilikuwa imefungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa kwa nani. Nakala moja ibaki na mgonjwa, nyingine iende kwa mwajiri, na ya tatu OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.